Debra Akataa Kuwa wa Mwisho

Siku Naswa alipofika mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu kwa mara ya kwanza, Debra alimwacha amalize maneno yake yote, kisha akamwambia hapana.

Walikuwa wameketi mbele ya mojawapo ya zile nyumba za zamani za kaunsili ya mji, nyumba ambayo Debra aliishi na bintiye Caren tangu alipofiwa na mume. Naswa alikuwa mwanafunzi wa isimu katika chuo kimoja cha Kisumu. Msimamizi wake, Dakta Wechuli, alikuwa amemtuma na kinasa sauti na bahasha ya picha. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: yeye aonyeshe picha, Debra ataje kitu hicho kwa Kisuba, lugha ya kwao, mashine inase. Jicho, jiwe, mtumbwi, mvua, na kadhalika mpaka bahasha iishe.

"Mimi ni mtu mzima," Debra alisema. "Nimezika mume, nimelea watoto, nimeuza mitumba soko la Kibuye mpaka magoti yakagoma. Leo unaniwekea picha ya jicho, unaniuliza hii ni nini?"

"Ni utaratibu tu, Mama Caren. Kila mtu anaulizwa hivyo hivyo."

"Na nikishasema 'jicho', wewe utanijibu nini?"

Naswa akaitazama bahasha. Utaratibu haukumtaka ajibu chochote. Ulimtaka ageuze picha inayofuata.

"Unaona? Hayo si mazungumzo. Ni kumkamua mtu kama ng'ombe." Debra akamrudishia bahasha. "Ukitaka Kisuba, rudi bila hiyo mashine, tuongee."

"Lakini mimi sijui Kisuba."

"Si ndiyo maana utakuja?"

Debra alikuwa amezaliwa Mfangano, kisiwa kinachoonekana kama mgongo wa mnyama mtu akisimama upande wa Mbita siku isiyo na ukungu. Kijijini kwao watu walizungumza Kisuba kwa namna yao, tofauti kidogo na vijiji vingine, na wazee wengi wa namna hiyo walikuwa wamekwisha kufa. Vijana waliobaki walizungumza Kijaluo kama watu wote wa pwani hiyo ya ziwa. Debra mwenyewe aliolewa mbali, Pap Onditi huko Nyakach, katika boma la Wajaluo, na kwa miaka mingi ya ndoa yake hakuna aliyemsikia akisema neno la kwao. Dakta Wechuli alipata habari zake kwa mchungaji mmoja, akafurahi kama mtu aliyeokota dhahabu.

Naswa alirudi Jumamosi bila mashine. Hakumwambia msimamizi wake.

Alikuwa na sababu yake, ambayo hakuiandika popote kwenye pendekezo la utafiti. Wazazi wake walihama kutoka Bungoma kuja kutafuta kazi, wakampata na kumlea mtaa wa Nyalenda, Kisumu, kwenye ploti ambako Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Mkamba walichota maji kwenye bomba moja na kugombania zamu kwa Kiswahili. Kibukusu kilibaki cha wazazi peke yao, cha kunong'onezana mambo ambayo watoto hawakutakiwa kuyasikia. Kila alipopelekwa kijijini, nyanya yake alimsemesha na yeye akajibu kwa kutabasamu. Nyanya akafa, na Naswa akawa amemtabasamia mpaka mwisho.

Sheria ya Debra ilikuwa moja. Ukivuka kizingiti, Kiswahili na Kijaluo vinabaki nje pamoja na viatu. Asiyejua neno aonyeshe kwa mkono, na akishindwa kabisa, anyamaze. Hakukuwa na ubao wala sarufi. Walichambua omena, wale dagaa wa ziwani, walifua, walimenya viazi, na Debra aliongea bila kupumzika, akitaja anachofanya, akiamrisha, akiuliza, akimsengenya jirani kwa sauti kubwa kwa kuwa jirani asingeelewa. Naswa aliumwa kichwa. Alipoamrishwa kuleta sufuria alileta kisu. Alipotaka kusema amechoka alisema, kwa mujibu wa Debra, kwamba yeye ni uchovu.

Kisuba na Kibukusu ni ndugu, na mara nyingine neno lililolala masikioni mwa Naswa tangu utotoni liliamka lenyewe likatoka. Debra hakuvutiwa.

"Hicho ni Kibukusu umekiongeza maji," alimwambia walipokuwa wakiagana nje ya mlango, mahali ambapo Kiswahili kiliruhusiwa. "Lakini afadhali. Wiki ijayo uje mapema, tutaenda soko."

Aliyeumia na masomo hayo ni Caren.

Caren alikuwa karani katika hospitali moja ya binafsi, mwanamke mpole aliyezoea kuwapokea watu walio na hofu. Jumamosi moja alirudi kutoka zamu akawakuta mama yake na yule msichana wa Kibukusu wamekunja viuno kwa kicheko juu ya karai la nguo. Debra alikuwa amesema kitu, Naswa akajibu kitu, wakacheka tena. Caren alisimama mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni.

"Mnacheka nini?" aliuliza kwa Kijaluo.

Naswa aliona uso wa Caren, akafuta mikono, akaaga.

Alipoondoka, Caren hakukaa chini. "Mama, mimi mtoto wako. Nimekuuliza tangu nikiwa darasa la pili. Kila siku unaniambia hiyo lugha haina kazi. Sasa anakuja mtu wa Bungoma, na yeye unampa."

"Aliomba."

"Na mimi sikuomba?"

Debra alikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi mpaka ikakaribia kukauka. "Unakumbuka kisima cha Pap Onditi?"

"Sikumbuki."

"Wewe ulikuwa mdogo. Ulikuwa umeanza kuongea, na uliongea Kisuba kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nakusemesha mchana kutwa. Tulienda kuteka maji, ukaona ng'ombe, ukamwita kwa Kisuba. Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Kuanzia hapo, kila ukipita, walikuigiza. Watoto wao pia. Ulirudi nyumbani ukakataa kufungua mdomo. Si Kisuba, si Kijaluo. Ulikaa hivyo mpaka baba yako akataka tukupeleke hospitali." Aliitundika nguo kwenye kamba. "Nikaamua. Nikamfunga mdomo yule mama wa Mfangano aliye ndani yangu, nikakulea kwa lugha ya waliokuwa wanacheka, ili wasipate cha kucheka. Ukaongea. Ukasoma. Hakuna aliyekuigiza tena."

"Ungeniambia."

"Nimekuambia leo. Na nikuambie wazi, Caren, siombi msamaha. Nilikulinda kwa kitu nilichokuwa nacho. Leo sina mtu wa kuniogopesha. Ukitaka, mlango ni huu huu."

Caren aliingia chumbani akaufunga mlango wa chumba. Kwa wiki kadhaa zilizofuata alichukua zamu za Jumamosi kwa hiari.

Huko chuoni mambo nayo yalikuwa yamechacha. Dakta Wechuli alimwita Naswa ofisini.

Si haki kusema Wechuli alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kufuatilia lugha ndogo kule Mlima Elgon, akachelewa, akafika wakati mzungumzaji wake hodari amekwisha kupoteza kauli kwa kiharusi. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Tangu hapo aliamini kwamba kazi ya mtafiti ni kunasa kila kitu haraka kabla ya matanga.

"Miezi inakwenda," alisema. "Faili za sauti ziko wapi?"

"Nilikuletea chache, Daktari. Alikubali nimrekodi tukizungumza."

"Nimezisikiliza. Nusu ni wewe, na wewe umejaa makosa. Nitaichambuaje data ambayo nusu yake ni makosa ya mwanafunzi?"

"Lakini anaponisahihisha ndipo anapotoa sarufi ambayo kwenye picha asingeitoa kamwe. Na ninajifunza, Daktari. Ninaweza kuongea naye."

"Mtu mmoja aliyejifunza ukubwani, akiongea vibaya, hafufui lugha. Lugha hufa mama anapoacha kumsemesha mtoto, na huyu aliacha zamani. Kazi yetu ni kuihifadhi. Wewe ni mtafiti au mjukuu wake?"

"Sioni kwa nini nichague," Naswa alisema, na mwenyewe akashtuka kusikia sauti yake haijatetemeka.

Wechuli alivuta kalenda ya mezani. Kisha akamwambia kwamba wafadhili wa mradi walikuwa wanakuja, kutakuwa na hafla katika ukumbi mmoja mjini, na kwamba Debra ahudhurie. Angeombwa aseme maneno machache kwa Kisuba. "Hiyo tu. Angalau hilo msiniharibie."

Debra alikubali kwenda. Alivaa gauni lake la kanisani, la zambarau, akafunga kitambaa kichwani. Caren alikuja kwa kuwa mama yake hakupaswa kupanda ngazi peke yake, ndivyo alivyosema.

Ukumbi ulikuwa umejaa wahadhiri, watu wa serikali ya kaunti, wageni wawili watatu kutoka ng'ambo, wanafunzi wenye kamera. Na ukutani, nyuma ya jukwaa, palikuwa na picha ya Debra kubwa kuliko mlango wa nyumba yake. Alipigwa akiwa ameinamisha macho, mwanga umechongwa usoni ili kila kunyanzi lionekane. Chini yake kwa herufi kubwa: MZUNGUMZAJI WA MWISHO.

Debra alisoma. Akageuka kwa Naswa. "Wewe ulijua?"

"Sikujua, Mama. Naapa."

"Sawa. Kaa karibu."

Hotuba zilikuwa ndefu. Kila aliyepanda alitaja kifo: lugha inayokata roho, sauti inayozimika, hazina inayoingia kaburini. Debra alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alipoitwa, alipanda polepole akishikwa mkono na Caren, akakipokea kipaza sauti, na badala ya kuutazama ukumbi akaitazama picha yake.

"Habari zenu," alisema kwa Kiswahili. "Nimeambiwa niseme kidogo kwa lugha ya kwetu, mnase, halafu tule chakula. Kwanza nataka kuuliza. Huyu hapa ukutani amekufa lini?"

Watu wachache wakacheka kwa wasiwasi.

"Nauliza kwa sababu tangu nimekaa pale, nasikia matanga yangu. Kila mtu ananililia. Mimi nimekuja na miguu yangu." Alielekeza kidole kwenye yale maandishi. "Ati wa mwisho. Dada yangu yuko Mfangano, kila asubuhi anagombana na mbuzi wake kwa Kisuba. Shule kule wanafundisha watoto. Mlimuuliza?"

Dakta Wechuli alisimama kutoka mstari wa mbele. "Mama, tunamaanisha namna ya kijiji chenu. Ile safi, isiyochanganywa na Kijaluo."

"Safi!" Debra alisema. "Nimelala Pap Onditi na Mjaluo mpaka nikampa watoto sita. Ningebaki safi vipi, Daktari?"

Safari hii ukumbi wote ulicheka, isipokuwa mstari wa mbele.

Kisha akabadilisha lugha. Alisema sentensi moja ya Kisuba, akaisema tena, macho yake yakiwa kwa Naswa. Ilikuwa swali. Naswa alilielewa: Debra alikuwa amemuuliza kama alikuwa amekuja peke yake au na watu. Wahadhiri wake wote walikuwa pale. Alisimama, akajibu kwa Kisuba kwamba amekuja na mama huyu na mwanawe.

Alikosea. Alitaja watu kwa kiambishi cha vitu.

"Aa-aa," Debra alisema kwenye kipaza sauti. "Mimi si kiti. Rudia."

Naswa akarudia. Akakosea pengine.

"Rudia."

Akarudia, jasho likimtoka, mbele ya wafadhili na watu wa kaunti, mpaka sentensi ikakaa sawa. Debra akaitikia kwa kichwa, akaugeukia ukumbi. "Mmesikia? Huyu ni Mbukusu wa Nyalenda. Amejifunza kwangu akichambua omena. Sasa nyinyi nyote. Semeni nyuma yangu." Akatoa salamu ya asubuhi ya kijiji chao.

Wanafunzi waliokuwa nyuma wakaitikia, nusu kwa mzaha. Akawakataza mzaha, wakaitikia tena. Mtu fulani kwenye meza ya mitambo akapewa ishara, na kipaza sauti kikazimwa. Debra alikigonga kwa kidole, akakiweka chini, akaendelea bila hicho. Mtu aliyeuza mitumba Kibuye hahitaji umeme ili asikike. Aliwafundisha salamu na jibu lake, akawaambia anayeitaka lugha hiyo aje Kaloleni, na anayetaka maiti akatafute mochari. Kisha akashuka.

Mgeni mmoja wa ng'ambo alikuwa akitazama saa. Mwalimu mmoja mzee alikuwa akipiga makofi peke yake. Wengine hawakujua wafanye nini na mikono yao.

Wechuli aliwafuata mpaka nje, uso umemwiva. "Mama, umenivunjia kazi ya miaka. Hawa watu walikuwa tayari kutusaidia."

"Walikuwa tayari kunizika, Daktari. Shusha ile picha au uandike kitu kingine. Sauti yangu uliyonayo haitatoka chini ya lile neno. Na nakala zake zipelekwe shule ya Mfangano, watoto wazisikie. Ukikubali hayo, njoo nyumbani nitakupikia. Ukikataa, tutajibizana kwa chifu, kwa askofu, popote unapotaka."

Aligeuka akarudi ukumbini. Lakini ile picha ilishushwa, na baada ya muda nakala zilifika Mfangano, zimetumwa kwa basi bila barua. Nyumbani kwa Debra hakuja kula.

Aliyelipia hayo yote ni Naswa. Aliondolewa kwenye mradi na ufadhili wake ukakatika. Alikaa nyumbani kwao Nyalenda akimsaidia mama yake kupika mandazi ya kuuza, huku wenzake wakihitimu, na majirani wakimuuliza kwa huruma kama chuo kilimshinda. Ilibidi aanze upya na mhadhiri mwingine, mada mpya, jinsi watu wazima wanavyojifunza lugha kwa kufanya kazi pamoja na mwenye lugha. Katika pendekezo hilo makosa yake mwenyewe ndiyo yalikuwa data. Alipomaliza kuliandika alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akaenda kulikabidhi.

Jioni ya siku ile ile ya hafla, waliporudi Kaloleni, Caren alimsaidia Debra kuketi. Alimvua mama yake viatu, akamletea maji. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akauliza kwa sauti ya chini:

"Lile neno ambalo Naswa alikuwa anakosea. Linasemwaje?"

Debra akalitamka. Caren akalirudia, na likatoka mara ya kwanza bila kosa, lafudhi yote ikiwa mahali pake, kama lilikuwa limekaa kinywani likingoja. Wote wawili walishtuka. Caren alishika mdomo wake.

"Endelea," Debra alisema.

Masomo yakahamia chumba cha nyuma cha kanisa moja, kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo. Wiki ya kwanza baada ya hafla chumba hakikutosha. Walikuja wanafunzi, Wasuba wa mjini, mwendesha bodaboda mmoja aitwaye Okello aliyesema nyanya yake alitoka Rusinga, kisiwa kingine cha Wasuba, na wanandoa waliotaka kumpa mtoto jina la Kisuba. Mvua zilipoanza walipungua. Wengine walitaka wafundishwe kwa Kiswahili, waandike, wapewe cheti. Debra aliwafungulia mlango watoke. Mchungaji mmoja alimwambia hadharani kwamba anawagawa watu wa ziwa, kwamba wote ni Wajaluo na mambo hayo yalikwisha. Debra alimjibu kwamba yeye ni mjane wa Mjaluo na mama wa Wajaluo na mtu wa Mfangano, yote kwa siku moja, na bado anapata muda wa kupika. Waliobaki walikuwa wachache kiasi cha kukaa kwenye mkeka mmoja. Naswa na Okello hawakukosa. Caren alikosa pale tu alipokuwa kazini.

Jumapili moja baada ya Pasaka, Naswa alifika Kaloleni kumchukua Debra waende pamoja darasani. Kabla hajabisha alisikia kelele ndani. Caren alikuwa amekuta mama yake akimimina chumvi kwenye samaki, wakati daktari alikuwa amemkataza chumvi kwa ajili ya presha. Mama na mwana walikuwa wakifokeana, na walikuwa wakifokeana kwa Kisuba.

Caren alikuwa anakosea vibaya. Alikuwa akirusha maneno bila kuyapanga, samaki, daktari, kufa, kichwa kigumu, na katikati ya ghadhabu hiyo Debra akamsahihisha kiambishi.

"Usinisahihishe!" Caren akapiga kelele, kwa Kisuba, bila kosa hata moja. "Nimekasirika!"

"Basi kasirika vizuri!" Debra akajibu.

Naswa akakaa kwenye ngazi, akawaacha wagombane. Yeye mwenyewe angetaka kuingia kumsaidia Caren, maana kuhusu chumvi Caren alikuwa na haki, lakini bado hakuwa na Kisuba cha kutosha kushinda ugomvi na Debra. Alianza kuitunga hoja yake kimoyomoyo, neno baada ya neno, wakati ndani sahani zikiwekwa mezani kwa kishindo.